Jongoo wa Bamburi na Hesabu za Tanuri

Mwaka 1971 kampuni ya saruji ya Bamburi, kaskazini kidogo ya Mombasa, ilikuwa na shimo isilojua ilifanye nini. Tangu uzalishaji ulipoanza mwaka 1954, mawe ya matumbawe ya kale yalikuwa yamechimbwa hadi karibu kuyafikia maji ya chini ya ardhi. Kilichobaki ni uwanja mweupe wa mwamba usio na udongo, maji yake ya chumvichumvi, na jua la pwani likiupiga kutwa nzima. Kazi ya kuotesha kitu pale alipewa René Haller, Mswisi, mtaalamu wa kilimo cha nchi za joto na mwajiriwa wa kampuni.

Haller alipanda aina 26 za miti. Miezi sita baadaye zilikuwa zimesalia tatu: mnazi, konokapasi itokayo upande wa Somalia, na mvinje. Mvinje ndio uliostawi kuliko yote, kwa sababu mizizi yake huishi pamoja na vijidudu vinavyonasa naitrojeni kutoka hewani, hivyo hauhitaji kusubiri mbolea ya mtu. Tatizo likawa majani yake. Ni membamba, yamejaa tanini, na yakianguka hayaozi. Miti ikarefuka, lakini chini yake palikuwa na rundo la majani makavu tu, udongo hakuna.

Aliyeitatua shida hiyo ni jongoo. Haller alimwona jongoo mwenye miguu myekundu akiyatafuna majani ya mvinje bila kujali tanini. Akaagiza wakusanywe kwa wingi na kumwagwa machimboni. Wao wakala, wakanya, na kinyesi chao kikawa mboji ya kwanza kuonekana katika lile shimo. Juu ya mboji ikaota mimea mingine, yakaja mabwawa ya perege, wakaja swala na ndege. Mwaka 1984 sehemu ya machimbo ilifunguliwa kwa watalii, na mwaka 1987 Haller akatunukiwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake Nairobi. Leo mahali pale panaitwa Haller Park. (Ndipo alipopelekwa Owen, yule mtoto wa kiboko aliyeokolewa Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akamganda kobe mzee wa zaidi ya karne moja aliyeitwa Mzee. Dunia nzima ilimjua kiboko huyo. Jongoo hakuna aliyemjua.)

Hadithi hii ni tamu, na inafaa kabisa darasani, kwa yeyote anayesomea namna kampuni zinavyoweza kufanya biashara bila kuila kesho ya watoto wetu. Ina tatizo la kweli, majaribio yaliyoshindwa, uangalifu, muda mrefu, na matokeo yanayoshikika. Ila kuna hatari mwanafunzi akaishia pale anapoishia mtalii: apige picha na twiga, ale samaki, arudi chuoni akaandike kwamba Bamburi ni mfano wa kampuni inayojali mazingira. Mhadhiri akimpa alama ya juu kwa hilo, wote wawili watakuwa wameikwepa saruji yenyewe.

Tuingie kiwandani. Saruji huanza na mawe ya chokaa na udongo wa mfinyanzi, vinavyosagwa na kuchomwa katika tanuri refu linalozunguka, kwenye joto la nyuzi 1,450 hivi. Kinachotoka ni vigololi vya kijivu viitwavyo klinka, ambavyo husagwa pamoja na jasi vikawa unga wa saruji. Sasa, jiwe la chokaa limeifungia kaboni dioksidi ndani yake tangu lilipokuwa matumbawe baharini. Likichomwa, huiachia. Kila tani moja ya klinka hutoa zaidi ya nusu tani ya gesi hiyo kutoka kwenye jiwe lenyewe, kabla hujagusa hesabu ya makaa au mafuta yaliyolichoma. Ndiyo maana saruji peke yake inabeba kati ya asilimia 7 na 8 ya kaboni dioksidi inayotokana na shughuli za binadamu duniani, na ndiyo maana kuweka paneli za jua juu ya paa la ofisi ya kiwanda cha saruji hakupunguzi mengi. Tatizo limo ndani ya malighafi.

Kwa hiyo maswali ya mwanafunzi wa biashara yanapaswa kuanzia tanurini. Katika kila mfuko wa kilo 50, klinka ni kiasi gani? Inawezekana kuipunguza kwa kuchanganya pozolana, yaani majivu ya kale ya volkano, ambayo Bonde la Ufa na nyanda za Mbeya zimejaliwa kuwa nayo? Mjenzi wa nyumba ya vyumba vitatu atauamini mchanganyiko huo? Fundi wake je, atakubali kusubiri kidogo zaidi zege lishike? Pozolana inafikaje kiwandani, kwa lori au kwa reli, na nauli yake ikijumlishwa inabaki nafuu kuliko klinka? Maswali hayo yanagusa masoko, ugavi, uhasibu na uhandisi kwa wakati mmoja. Bustani haimo. Majibu yake ndiyo yanayoamua kiwanda kitatoa moshi kiasi gani mwaka ujao.

Upande wa Uganda kulikuwa na mfano ninaoupenda kuliko hata wa jongoo. Kiwanda cha saruji cha Hima, wilayani Kasese, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa chini ya Bamburi, kilianza kuchoma maganda ya kahawa na pumba za mpunga kwenye tanuri lake ili kupunguza mafuta ya kununua. Maganda yakawa na soko. Kisha kampuni ikaona kwamba maganda yatakuwepo tu kama kahawa ipo, ikaanza kuwagawia wakulima miche ya kahawa. Kiwanda cha saruji kinagawa miche! Ukiitazama haraka utadhani ni sadaka, ile michango ya madawati, mipira na jezi ambayo kampuni zetu huipigia picha. Sivyo. Meneja alikuwa analinda nishati yake ya miaka ijayo, mkulima akapata zao la kuuza, na gharama ya mafuta ikapungua. Hapo uamuzi wa biashara na uamuzi wa mazingira ulikuwa kitu kimoja, umeandikwa na mtu mmoja, katika bajeti moja.

Bahati ya namna hiyo haiji kila siku, na somo lolote linalomwambia kijana kwamba faida na mazingira huenda sambamba daima linamdanganya.

Nadharia zenyewe si nyingi, na mtu anaweza kuzimaliza kwa wiki mbili za mwanzo wa muhula. Milton Friedman aliandika Septemba 1970, katika gazeti la New York Times, kwamba wajibu wa kijamii wa biashara ni kuongeza faida, mradi ifuate kanuni za mchezo. Mwaka 1987 tume iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland, aliyekuwa waziri mkuu wa Norway, ikaipa dunia maana ya maendeleo endelevu ambayo kila mwanafunzi huikariri: kukidhi mahitaji ya leo bila kuwanyima wa kesho uwezo wa kukidhi yao. Mwaka 1994 Mwingereza John Elkington akaja na wazo la kampuni kufunga hesabu tatu badala ya moja, yaani ya faida, ya watu na ya sayari. Likapendwa mno. Likaingia kwenye vitabu vya kiada, kwenye ripoti za mwaka, kwenye hotuba za wakurugenzi. Kinachosahaulika mara nyingi ni kwamba mwaka 2018 Elkington mwenyewe alitangaza hadharani kulirudisha wazo lake karakana, jinsi kampuni ya magari inavyoyaita magari yenye hitilafu. Malalamiko yake ni kwamba lilikusudiwa kuutikisa mfumo wa biashara, lakini kampuni zikaligeuza kuwa fomu ya kujaza. Mhadhiri anayefundisha ya mwaka 1994 na kuiacha ya 2018 amefundisha nusu.

Fomu ya kujaza inaweza kumpa heshima hata mwongo. Septemba 2015, orodha mashuhuri ya Dow Jones ya kampuni endelevu iliitaja Volkswagen ya Ujerumani kuwa kinara wa watengenezaji wa magari. Siku chache baadaye, mwezi huohuo, mamlaka ya mazingira ya Marekani ikatangaza kwamba magari ya dizeli ya kampuni hiyo yalikuwa na programu iliyotambua gari linapokuwa kwenye mashine ya kupimwa, ikapunguza moshi kwa muda huo tu, kisha ikauachia barabarani. Kampuni ikakiri kwamba magari yapatayo milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo. Mwezi uliofuata ikaondolewa kwenye orodha.

Waliofungua njia ya ufichuzi huo walitoka chuoni. Mwaka 2013 watafiti wachache wa Chuo Kikuu cha West Virginia, wakiongozwa na mhandisi Daniel Carder, kwa fedha kidogo kutoka shirika la utafiti wa usafiri liitwalo ICCT, walipima moshi wa magari ya dizeli. Walichofanya kilikuwa cha kawaida kabisa. Walifunga vifaa vya kupimia nyuma ya gari, wakaendesha barabarani, California, mjini na mlimani. Gari moja la Volkswagen likatoa oksidi za naitrojeni mara 15 hadi 35 ya kiwango kinachoruhusiwa. Hawakuwa wakimtafuta mwizi. Walitarajia kuonyesha kwamba dizeli inaweza kuwa safi. Ripoti yao ikatoka mwaka 2014, serikali ikaanza kuuliza maswali, na mengine mnayajua. Kama ningekuwa na somo moja tu la kufundisha katika shahada ya usimamizi wa biashara, ningefundisha hili: bomba la moshi lina ushahidi ambao kijitabu chenye picha za misitu hakina. Wahenga wetu waliwahi kusema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na baadhi ya ripoti za kampuni zinatembea kweli.

Hata hivyo ripoti zinakuja, tutake tusitake. Juni 2023 bodi ya kimataifa ya viwango vya uendelevu ilitoa viwango viwili, IFRS S1 na S2, vikaanza kutumika kwa vipindi vya hesabu vya kuanzia Januari 1, 2024 katika nchi zinazoamua kuvifuata. Cha pili kinaitaka kampuni ieleze gesijoto inayotoa yenyewe, ile ya umeme inaoununua, na ile inayotoka kwa wauzaji wake wa malighafi na wateja wake. Kenya imejipangia ratiba ya kuvifanya kuwa vya lazima hatua kwa hatua, kampuni zenye maslahi kwa umma zikitangulia mwaka 2027. Soko la hisa la Nairobi lilikwisha kutoa mwongozo wake mwaka 2021, na benki kuu za Kenya na Tanzania zimezitaka benki zipime hatari za mabadiliko ya tabianchi katika mikopo yao. Benki ikimuuliza mwenye shamba la mpunga atafanya nini bonde likifurika tena, swali hilo linatoka huko.

Tayari kuna kazi za kuandika ripoti hizi, na vyuo vimeinusa harufu ya ajira. Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo. Tukifundisha viwango bila kufundisha kiwanda, tutazalisha waandishi hodari wa ripoti ambao hawajawahi kusimama karibu na tanuri. Wataijua lugha, watajua kipengele gani kinaingia ukurasa gani, na mkurugenzi atawapenda sana kwa sababu hawataulizia chochote cha ndani.

Kuna jambo dogo la uhasibu linaloonyesha njia nyingine. Kiwango cha zamani, IAS 37, kinaitaka kampuni yenye wajibu wa kurejesha eneo ililochimba iuandike wajibu huo kama deni, leo, hata kama kazi itafanyika baada ya miaka 20. Haller alipoanza kupanda miti mwaka 1971, Kenya ilikuwa bado haijatunga sheria yake mama ya mazingira. Hiyo ilikuja mwaka 1999, na ya Tanzania mwaka 2004. Kurejesha machimbo ulikuwa utashi wa kampuni. Sasa, pale sheria au kibali cha uchimbaji kinapoamuru, shimo ni namba kwenye mizania, na anayenunua kiwanda hununua na shimo lake. Desemba 2024 kundi la Amsons la Tanzania lilipokamilisha kuinunua Bamburi kutoka kwa kampuni ya Holcim, magazeti yaliandika bei ya hisa. Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uhasibu angeweza kupewa kazi moja ya kuvutia: fungua hesabu za kampuni yoyote ya saruji au madini iliyoorodheshwa sokoni, tafuta deni la kurejesha ardhi, soma maelezo yake chini, uone wamekadiria miaka mingapi na riba gani. Riba ikipandishwa kidogo, deni hupungua bila mti hata mmoja kupandwa. Kijana akishaliona hilo kwa macho yake, hatalisahau.

Ona pia kwamba kazi hiyo haimo katika somo la uendelevu. Imo katika uhasibu. Mwaka 2007 Umoja wa Mataifa ulizindua mpango wa kanuni za elimu ya usimamizi wenye kuwajibika, PRME, na shule nyingi za biashara duniani zikatia saini. Lakini saini huweza kuishia kwenye kozi moja ya hiari, ya mwaka wa mwisho, saa za jioni, darasa nusu tupu, inayofundishwa na mhadhiri ambaye wenzake wa fedha wanamwita mtu wa miti. Mchana, katika ukumbi uliojaa, wanafunzi haohao wanafundishwa kutathmini mradi kwa namna ambayo gharama itakayokuja baada ya miaka 30 inakaribia sifuri. Masomo mawili yanapingana na hakuna anayeyapatanisha. Afadhali kozi ile ifutwe, maswali yake yagawanywe: mengine yaende kwenye fedha, mengine ugavi, mengine masoko, na mtihani wa kila somo uyaulize.

Pia tuna mafunzo kwa vitendo, ile fildi ya kila mwisho wa mwaka ambayo mwanafunzi wa biashara aghalabu huimalizia kwenye kiyoyozi cha benki akipanga mafaili. Angepelekwa mkoani Tanga, Tanzania. Mkonge, ulioletwa nchini mwaka 1893, ulitumika kwa miongo mingi kwa ajili ya singa peke yake, ambazo ni kama asilimia 2 tu ya mmea. Kinachobaki baada ya jani kupita kwenye korona, mashine ya kutenganisha singa, kiliachwa kioze au kisombwe na maji kuelekea mtoni. Katika shamba la Hale, miaka ya 2000, kampuni ya Katani kwa kushirikiana na shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda (UNIDO), Mfuko wa Pamoja wa Bidhaa na serikali ilijenga mtambo wa kugeuza mabaki hayo kuwa biogesi na umeme. Mwanafunzi wa fedha aende akaulize: uniti moja iligharimu shilingi ngapi ukilinganisha na ya TANESCO, shirika la umeme la taifa? Bila fedha za wafadhili, mwekezaji angezirudisha zake baada ya muda gani? Shamba la jirani linahitaji nini ili liige?

Mji wa Moshi una mfano ulio hai zaidi, na Chuo Kikuu cha Ushirika kipo hapohapo. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni inayozuia kuingiza kahawa, kakao, mbao na bidhaa nyingine zilizotoka kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya Desemba 31, 2020. Utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini masharti yanajulikana. Kila gunia lifuatiliwe hadi shambani. Kila shamba liwe na nukta yake kwenye ramani, na likizidi hekta 4 lichorwe mipaka. Kahawa yenye uthibitisho isichanganywe na isiyojulikana ilikotoka.

Sasa mfikirie mkulima wa kihamba kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Kahawa yake imesimama chini ya migomba, na migomba chini ya miti mirefu iliyoachwa na babu yake. Eneo lote halifiki hekta moja. Huyu hajakata msitu. Anaishi ndani ya kitu kinachofanana nao. Lakini yeye na wenzake maelfu ndio wanaohitaji nukta nyingi kuliko mwenye shamba kubwa, ambaye mpaka mmoja unamtosha kwa tani nyingi. Kwa kilo, gharama ya kuthibitisha inamwelemea zaidi yule asiye na kosa. Mnunuzi wa Hamburg anataka uthibitisho, mkoboaji anasema si kazi yake, chama cha msingi hakina bajeti ya simu wala ya kumlipa kijana wa kuzunguka mashambani, na ghala lenye mlango mmoja linatakiwa litenganishe kahawa za aina mbili.

Hiyo ni kazi ya usimamizi, tena nzito. Mwanafunzi anaweza kuifikia kwa daladala. Akae na katibu wa chama hicho cha msingi (AMCOS), ahesabu wanachama, siku za kuzunguka, posho, vocha, kurudia kwa waliokosewa na gharama ya kugawa ghala, kisha agawanye kwa kilo zilizokusanywa msimu uliopita. Jibu litatoka kwa shilingi. Chama kikiwa nalo mkononi, kinaweza kulitaja kwa mnunuzi kabla bei haijapangwa.